SOMO LA AFYA: KUTAMBUA MARADHI YA BAKTERIA YALETWAYO NA MAJI

Kiomboi, makao makuu ya Wilaya ya Iramba mkoani Singida, imo katika ukanda mkavu wa kati ya nchi. Penye uhaba wa maji, kisima kimoja huweza kutegemewa na watu pamoja na mifugo. Mvua zinapoanza, uchafu husombwa hadi humo. Maji yaweza kuwa maangavu ilhali yana bakteria.

Maradhi matatu yafaa yatofautishwe:

(a) Kipindupindu. Huanza baada ya saa chache hadi siku 5. Mgonjwa huharisha mfululizo choo kama maji yaliyooshewa mchele, mara nyingi bila homa. Macho hudidimia, mkojo hupungua, na aweza kufariki kwa saa chache.

(b) Kuhara damu. Choo huwa na damu na kamasi, pamoja na homa na msokoto wa tumbo.

(c) Homa ya matumbo. Huanza polepole, homa hupanda siku hadi siku, na choo huweza kufunga. Kwa kuwa hufanana na malaria, damu haina budi kupimwa maabara.

Anayeharisha asingoje usafiri bila kunywa. Pakiti ya dawa ya maji ikikosekana, lita 1 ya maji yaliyochemshwa itiwe vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe mara kwa mara huku akipelekwa hospitali.

Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi ya Bara, ukavuka hadi Zanzibar. Kwa hiyo, mgonjwa mmoja anayeshukiwa aarifiwe kwa Ofisa Afya siku hiyo hiyo. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini.