Dakika Zilizokatwa: Somo Nililopewa na Malkia Sibylla

Bumu likichelewa, burudani ya hosteli inabaki moja tu: filamu za kwenye flashi. Usiku mmoja mwenzangu wa chumbani akaweka *Kingdom of Heaven* ya Ridley Scott, filamu ya mwaka 2005 kuhusu Vita vya Msalaba na jinsi Salahuddin alivyoitwaa Yerusalemu mwaka 1187. Nikamwambia hiyo nimeshaiona, na sikuielewa. Akanijibu, "Wewe umeona ile ya dakika 144. Hii inapita saa tatu. Kaa."

Nikakaa. Niliyoyaona usiku ule yananihusu kama mwalimu mtarajiwa, na nadhani yanamhusu kila anayeandika au kufundisha.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Toleo la ukumbini ni lile linalotoka kwanza kwenye majumba ya sinema, na mara nyingi kampuni iliyotoa pesa ina kauli kubwa juu ya urefu wake. Toleo la mwongozaji ni lile analolihariri mwongozaji kama alivyolitaka yeye. Toleo refu ni lile lililoongezewa vipande, hata kama mwongozaji hakuwa na ugomvi na lile la kwanza. Sehemu ya kwanza ya *The Lord of the Rings*, kwa mfano, ilitoka mwaka 2001 ikiwa na dakika 178, na toleo lake refu likafika 208.

Kwa nini wakate? Piga hesabu. Chukua ukumbi unaofunguliwa saa 12 kwa siku, yaani dakika 720. Filamu ya dakika 144, ukiongeza dakika 20 za kusafisha na kuingiza watu, inaonyeshwa mara nne. Ya dakika 190 inaonyeshwa mara tatu. Onyesho zima la tiketi limepotea kila siku. Mwenye pesa naye ana hoja yake.

Sasa tuangalie kilichokatwa. Katika toleo la ukumbini, Mfalme Baldwin wa Nne anakufa kwa ukoma, na dada yake Sibylla anamvika taji mumewe Guy, mtu asiyefaa kabisa. Baadaye tunamwona Sibylla amevunjika, amekata nywele, haeleweki. Mara ya kwanza nilisema huyu mama kachanganyikiwa tu.

Kumbe alikuwa na mtoto. Katika toleo la mwongozaji, mtoto huyo ndiye anayerithi kiti baada ya mjomba wake. Siku moja nta ya moto inamdondokea mkononi na hashtuki. Mama anaelewa: ukoma umemfikia mwanawe pia. Anaamua kumuua kwa sumu ili asiteseke kama mjomba. Baada ya hapo ndipo Guy anakuwa mfalme. Sibylla ni yuleyule na nywele ni zilezile, ila sasa huwezi kumwita kichaa. Unaweza kumlaumu, unaweza kumlilia, lakini unamwelewa.

Mtoto huyo hakutungwa na mwandishi. Baldwin wa Tano alikuwepo kweli, akawa mfalme akiwa mdogo, akafa mwaka 1186. Sumu ndiyo ya filamu. Kwa hiyo mkasi ule ulimwondoa mtu wa historia, na mzigo ukamwangukia mama yake.

Mambo mengine ni ya aina hiyohiyo. Yule padri anayeuawa na Balian mwanzoni, toleo refu linatuambia ni ndugu yake. Balian mwenyewe, ambaye ukumbini ni mhunzi anayeibuka ghafla kuwa jemadari, huku tunaambiwa mapema kwamba ameshapigana vita. Ukiondoa sababu, tendo linabaki, ila mtendaji anaonekana wa ajabu.

Hapo nikakumbuka mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa na Kidato cha Tatu, kipindi cha dakika 40, mada ni Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Nilijua msimamizi anaweza kuingia wakati wowote, nikabana andalio langu la somo. Nikapunguza mashamba ya pamba ya kulazimishwa, nikapunguza kodi, nikabakiza Kinjikitile na maji ya dawa kwa sababu ndiyo yenye mvuto. Darasa lilinisikiliza vizuri sana. Mwishoni binti mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwa hiyo mababu zetu walikuwa wajinga?"

Nilijibu kwa kubabaika. Kosa halikuwa lake. Mimi ndiye niliyemwonyesha watu wanaokimbilia bunduki wakiamini maji, bila kumwonyesha waliyokuwa wanafanyiwa mashambani. Kipindi kilichofuata nilianza na pamba, nikakata orodha ya tarehe za mapigano. Dakika zilibaki 40 zilezile, na swali lile halikurudi.

Sisemi kila kirefu ni kizuri. *Apocalypse Now* ya Francis Ford Coppola ilitoka 1979, ikarefushwa mwaka 2001 hadi kupita saa tatu, na toleo alilolitoa mwaka 2019 akalipunguza tena. Scott huyohuyo alipotoa toleo la mwongozaji la *Alien* mwaka 2003, lilikuwa fupi kidogo kuliko lile la 1979. Kukata ni kazi ya lazima. Insha ina kikomo cha maneno, semina ina dakika kumi, na taarifa ya serikali ya wanafunzi ubaoni haizidi ukurasa.

Ila siku hizi kabla sijafuta aya najiuliza: nikiondoa hiki, nani ataonekana mjinga au kichaa bila kosa lake? Nikimpata, aya inabaki. Natafuta pengine pa kukata.