"Fedha Zilitumika": Kauli ya Kutendeka katika Hesabu za Vyama vya Akiba

Tuanze na sentensi mbili. Ya kwanza: "Fedha zilitumika kununua mafuta ya gari." Ya pili: "Fedha zilitumiwa na meneja kununua mafuta ya gari." Tofauti ni konsonanti moja mwishoni mwa kitenzi, lakini katika sentensi ya pili tunajua wa kumwuliza, na katika ya kwanza hatujui. Ya kwanza ni kauli ya kutendeka, ya pili ni kauli ya kutendwa. Kauli ya kutendwa humpa mtendaji nafasi yake baada ya "na". Hata asipotajwa, msikilizaji anajua kwamba yupo na anaweza kumdai. Kauli ya kutendeka hueleza hali tu, kama vile kikombe kimevunjika au mlango umefunguka. Najua wapo wanaosema "lugha hii inatumika na watu wengi", na magazeti nayo yanaandika hivyo. Hata hao hakuna kinachowalazimisha kumtaja mtu, na jambo linaloshughulikiwa hapa ni hilo.

Mwenzangu wa kitivo cha uchumi aliniuliza mambo haya yanahusu nini fedha. Yanahusu sana. Watafiti wa ujumuishaji wa kifedha hupenda kuhesabu akaunti. Benki ya Dunia imekuwa ikifanya uchunguzi wake uitwao Global Findex tangu 2011, na swali lake kubwa ni kama mtu mzima ana akaunti au hana. Kwa kipimo hicho nchi yetu imesogea: mishahara ya watumishi wa Serikali ilianza kupitishwa benki 2011, na M-Pesa, iliyozaliwa Kenya 2007, ilifika kwetu 2012. Wale wa uongozi wa makampuni wana swali lingine. Tangu kitabu cha Berle na Means cha 1932, na makala ya Jensen na Meckling ya 1976, wanauliza: mwenye mali anapomwachia wakala mali yake, atajuaje kwamba wakala hamli? Mimi naona swali hili la pili ndilo linalompata mama mwenye akaunti ndogo kuliko mtu mwingine yeyote. Kuwa na daftari la akiba bila uwezo wa kuuliza hesabu ni kuingia nyumbani na kuachwa barazani.

Kwa kazi yangu ya kumaliza masomo nilihudhuria mikutano ya chama kimoja cha kuweka na kukopa hapa Lubumbashi, ambacho sitakitaja jina, na vikao vya kikundi cha mama wauzaji wa sokoni. Sikuenda kukagua vitabu vya hesabu, kwa sababu sina elimu hiyo. Nilikwenda kusikiliza vitenzi.

Katika chama, taarifa ya mwaka huandikwa kwa Kifaransa, kisha karani huifasiri kwa mdomo mbele ya wanachama. Kifaransa cha hesabu kimejaa maneno ya kutenda yaliyogeuzwa kuwa majina: matumizi, ununuzi, usafiri. Karani anapoyaleta kwa Kiswahili, anahitaji kitenzi, na kilicho karibu naye ni "-tumika". Zilitumika, zilihitajika, zilipungua, zilipotea. Hili la mwisho halihitaji hata kiambishi, kwani "potea" tangu mwanzo ni kitenzi cha kitu kinachojiendea chenyewe. Simshitaki karani kwamba anaficha. Anafasiri haraka, amesimama, mkurugenzi ameketi kando yake. Ila matokeo ni kwamba katika ukurasa mzima wa matumizi hakuna mtu hata mmoja aliyefanya lolote.

Wanachama wana lugha yao ya kujibu. Wakitoka nje ya ukumbi wanasema: "Balikula makuta." Kula fedha kila Mswahili anakujua, kuanzia hapa hadi pwani. Kinachonivutia ni ule mwanzo, "ba-". Katika Kiswahili chetu cha Katanga kauli ya kutendwa hatuitumii sana. Mahali pake tunaweka "ba-" ya watu wasiojulikana. "Balimwibia" inaweza kuwa mwizi mmoja au kumi. Basi taarifa rasmi inasema hakuna aliyetenda, na malalamiko ya nje yanasema walitenda wengi wasio na majina. Mbele ya hakimu au mkaguzi, sentensi zote mbili zina udhaifu uleule.

Kuna na ya tatu, ambayo ni ya heshima. Kwetu mtu mkubwa huambiwa kwa wingi. Nilimsikia mzee mmoja akimwuliza mkurugenzi kwa upole: "Baba, ile makuta ya gari mulitumia namna gani?" Mkurugenzi akajibu: "Sisi kama kamati tuliamua…" Alikuwa na haki ya kisarufi. "Mulitumia" ya heshima na "mulitumia" ya watu wengi ni umbo moja, na yeye akachagua lile lililomfaa. Mzee hakuwa na njia ya kurudia swali kwa umoja bila kuonekana amemvunjia heshima. Akaketi.

Wachumi wanaochunguza tabia za watu kazini wana kitabu cha Albert Hirschman cha 1970, kinachosema kwamba shirika linapoharibika, aliye ndani ana njia ya kuondoka au ya kupaza sauti, na uaminifu wake kwa shirika ndio unaoamua atashika ipi. Wanachama wengi wa vyama vyetu wanaondoka. Hawapigi kelele, wanachukua akiba yao kidogo kidogo na kurudi kwenye likelemba. Wafanyakazi wa chama hawawezi kuondoka kirahisi hivyo, kazi ni adimu, kwa hiyo wananyamaza, au wanasema kwa "-ika". Kitabu cha Hirschman hakikuandikwa juu ya vitenzi vya Kiswahili, lakini mtu akitaka kuona mahali ambapo sauti inakatika, asikilize viambishi.

Sasa kikundi cha mama. Wao wanafuata mtindo wa aveki, ulioanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 na kuenea Afrika nzima. Sanduku lina kufuli tatu. Funguo zinashikwa na mama watatu, na mwenye kulaza sanduku nyumbani kwake si mmoja wao. Kila kikao mwanachama hununua hisa kuanzia moja hadi tano, na kila hisa hugongwa muhuri katika daftari lake, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anaweza kuhesabu mihuri yake. Kabla ya kufunga, fedha zinahesabiwa kwa sauti na kila mtu anatakiwa kushika hesabu kichwani. Kikao kinachofuata huanza kwa kuulizana: tuliacha ngapi? Wakishajibu ndipo sanduku linafunguliwa.

Sikusikia "zilitumika" hata mara moja katika vikao vile. Mama anasimama na kusema: "Mimi nilikopa, narudisha hii, nabakiza hii." Mtendaji yupo, ana uso, na jirani yake wa mezani sokoni yupo pia. Wengine watasema ni kwa sababu kikundi ni kidogo, na ni kweli. Watu ishirini wanajuana. Lakini ukubwa peke yake haueleze yote, maana ndani ya chama kile kikubwa kuna karatasi moja ambamo mtendaji anatajwa kwa ukamilifu usio na huruma. Ni karatasi ya dhamana.

Kongo iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake ya dhamana, iliyorekebishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010, inamtaka mdhamini aandike kwa mkono wake mwenyewe kiasi cha juu anachokidhamini, kwa maneno na kwa tarakimu. Asiyejua kuandika lazima awe na mashahidi wawili, nao wathibitishe kwamba ameelezwa dhamana hiyo ni nini na italeta nini. Ni sheria nzuri kwa mnyonge, ikifuatwa. Fomu niliyoonyeshwa ilikuwa kwa Kifaransa, na maelezo kwa Kiswahili yalikuwa sentensi moja: "Unasaidia tu mwenzako kupata mkopo." Neno "dhamana" halikutajwa, wala kwamba mwenzako asipolipa utalipa wewe.

Tazama basi sarufi ya chama kizima. Mwanachama anapodaiwa, ni "mimi, fulani, mwana wa fulani", kwa jina, sahihi na tarakimu. Ofisi inapodaiwa hesabu, kitenzi kinakosa mwenyewe. Katiba yetu ya 2006 inataja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na inaitaka Serikali iziendeleze. Kufasiri taarifa kwa Kiswahili hakutoshi ikiwa Kiswahili chenyewe kinachaguliwa ili kisiseme.

Niliandika upya ukurasa mmoja wa matumizi, kila mstari ukiwa na mtendaji wake: nani aliidhinisha, nani alichukua, nani alinunua. Nikampa karani. Akausoma wote, akacheka, akaniambia: "Dada, hii itanifukuzisha kazi." Baadaye alikubali kubadilisha mstari mmoja, ule wa mafuta, akasoma mbele ya mkutano kwamba dereva alichukua fedha na mhasibu aliidhinisha. Mama mmoja wa safu ya nyuma akainua mkono kuuliza kwa nini mafuta yalizidi ya mwaka uliopita. Mhasibu alikuwepo. Akasimama, akataja safari mbili za kwenda Likasi, akaketi. Mistari mingine yote ilipita bila swali.