Kitenge cha Jina la Uwongo

Mama mmoja wa Bigo, mjini Bunia, alikwenda sokoni pamoja na binti yake kutafuta kitenge cha sikukuu. Mchuuzi akawaonyesha kimoja cha bei rahisi. Pembeni kiliandikwa jina Vlisco.

Vlisco ni kiwanda cha Uholanzi kilichoanza mwaka 1846. Huko kitambaa hutiwa nta pande zote mbili, kisha rangi. Penye nta rangi haiingii. Kwa hiyo maua huonekana sawasawa mbele na nyuma.

Binti alikigeuza kitenge. Nyuma kilikuwa kimepauka.

“Mama, jina hili ni la uwongo.”

Mchuuzi akacheka. “Nani atajua?”

“Mimi nitajua,” mama akajibu. Akanunua kingine, rahisi vilevile, chenye jina lake chenyewe.

Watoto, kitu rahisi si aibu. Lakini aibaye jina la mwingine huiba kazi yake. Na anunuaye akijua humsaidia mwizi.

Maswali
1. Binti alitambuaje uwongo?
2. Kwa nini mama hakuona aibu kununua kitenge rahisi?
3. Wewe ungefanya nini?