Fundo Lisilokaza: Jinsi ya Kuchagua Video ya Kujifunza Mazingaombwe ya Hariri

Wanachuo wenzangu, kila bumu likiingia kuna mtu anachoma bando kujifunza kitu kisichokuwa kwenye kozi yake: gitaa, keki, kusuka, kuhariri picha. Mimi changu ni mazingaombwe, hasa yale ya vitambaa vya hariri. Nimekulia Sumbawanga, nasomea ualimu wa fizikia, na michezo hii naitumia darasani na kwenye sherehe za nyumbani. Wengi mmeniuliza nawashauri muangalie video gani. Jibu langu ni hili: usichague video inayokushangaza, chagua inayofundisha mambo matatu, yaani mikono, macho na mdomo. Nyingi zinafundisha mikono tu. Na kwa anayekwenda kucheza Ufipa, mdomo ndio wenye kazi kubwa kuliko vyote.

Kwanza chagua mchezo

Mtu anayetafuta tu "mazingaombwe ya vitambaa" atamaliza GB zake akiangalia matangazo. Michezo mingine mizuri inahitaji kitambaa kilichotengenezwa maalumu. Mfano ni Twentieth Century Silks wa Frank Ducrot wa Marekani, uliopata jina kwa sababu karne ya 20 ilikuwa ndiyo inaanza. Kitambaa kinapotea, kisha kinaonekana kimefungwa katikati ya vingine viwili. Unapendeza kweli, lakini video zake nyingi mwishoni zinakuambia uagize seti. Sasa hesabu mwenyewe mzigo kutoka ng'ambo mpaka ufike Sumbawanga, na bei yake.

Ndiyo maana mwanzoni nashauri mafundo yanayofunguka yenyewe, ambayo wachezaji wanayahusisha na Tony Slydini, mzaliwa wa Italia aliyekulia Argentina na kufanya kazi New York mpaka alipofariki mwaka 1991. Unahitaji vitambaa viwili vya kawaida, basi. Vinafungwa fundo, linakazwa mbele ya watu, unapuliza, vinaachana. Hakuna mfuko wa siri. Mtu akitaka kuvikagua, mpe.

Video nzuri inaeleza kwa nini

Hapa ndipo kudesa na kuelewa vinapoachana. Video dhaifu inasema "shika hapa, vuta hapa, umemaliza". Video nzuri inakuambia fundo ni la aina gani na linabadilika vipi.

Fundo lenyewe ni lile la skauti na huduma ya kwanza: ncha ya kulia juu ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya kulia. Likikaa sawa linashika vizuri. Lakini ukishika ncha ya kitambaa kimoja na mwili wa kitambaa hichohicho, ukavivuta kuelekea pande mbili tofauti, kitambaa hicho kinanyooka kama fimbo. Kile cha pili kinabaki kimekizunguka kama pete. Kwa mtazamaji umekaza fundo. Kwa kweli umelivunja, na sasa linateleza tu. Clifford Ashley, kwenye kitabu chake kikubwa cha mafundo cha mwaka 1944, anaonya vikali fundo hili lisitumike kuunganisha kamba mbili, kwa sababu tabia hiyohiyo imegharimu maisha ya watu.

Ukifunga mara mbili kwa mwelekeo mmoja (kulia juu, kulia juu tena), ukivuta unapata mzunguko wa aina nyingine, unaobana zaidi na kuteleza kwa shida. Mwalimu wa video ambaye hagusii tofauti hii atakuacha jukwaani unang'ang'ana na vitambaa huku watu wanakuhurumia. Kwa hiyo kabla hujapakua, pitia video kwa haraka ukiuliza:

1. Kamera imekaa upande gani? Mwalimu akikutazama usoni, kulia kwake ni kushoto kwako. Nzuri ni ile inayoonyesha pia kutoka begani kwake, uone mikono kama unavyoona yako.
2. Sehemu ya kuvuta imeonyeshwa mfululizo, au imekatwakatwa? Ikikatwa pale penye kazi, achana nayo.
3. Vitambaa ni vya rangi mbili tofauti? Vyote vikiwa vyekundu, hutajua kipi kimenyooka na kipi kimezunguka.
4. Anasema ufanye nini fundo likigoma? Aliyecheza mbele za watu kweli lazima ana jibu.
5. Anataja alikojifunza mchezo? Anayeheshimu waliomtangulia kwa kawaida anafundisha kwa utaratibu.

Kuhusu bando: dakika 10 kwa ubora wa 720p zinaweza kupita MB 100, wakati 144p mara nyingi haifiki MB 20. Kwa upekuzi wa kwanza tumia 144p, sikiliza maelezo. Ile moja uliyoichagua ndiyo uipakue kwa 360p au 480p, kisha uiangalie kwa nusu kasi mara nyingi upendavyo. Video moja iliyoangaliwa mara 20 inafundisha kuliko video 20 zilizoangaliwa mara moja.

Hariri ya mtumba

Video nyingi zinadhani una hariri nyepesi ya kichina dukani kwako. Sisi tuna mitumba. Tafuta skafu mbili nyembamba za mraba, karibu sentimeta 50 hadi 60 kila upande. Zijaribu palepale sokoni: zungusha moja juu ya nyingine, vuta. Ikiteleza bila kukwama, lipa. Satini ya poliesta inafaa. Kanga na kitenge havifai, pamba ina msuguano mkubwa na fundo linakaba.

Jambo ambalo video hazikuambii ni hali ya hewa yetu. Ufipa ni uwanda wa juu, na Juni mpaka Agosti upepo wake mkavu na wa baridi unapausha mikono. Ngozi iliyopauka inanasa nyuzi za hariri, na kitambaa kinakataa kuteleza. Paka mafuta kidogo nusu saa kabla, kisha futa vizuri, vinginevyo skafu zitachafuka.

Macho, halafu mdomo

Slydini alifahamika zaidi kwa namna alivyoongoza macho ya watu kwa mwili wake. Akiegemea mbele, watu wanakaza macho. Akilegea, nao wanalegea, na kazi ya siri inafanyika hapo. Angalia kama mwalimu wa video anasema utazame wapi wakati unavuta. Ukitazama mikono yako, kila mtu ataitazama. Ukimtazama mtu na kumuuliza jina lake, macho yanakufuata.

Sasa mdomo. Video nyingi kutoka nje zinakufundisha kusema una nguvu za ajabu. Kwao ni utani, kila mtu anajua. Kwetu ni habari nyingine. Sumbawanga inaandamwa na utani wa uchawi kiasi kwamba ukitaja kwenu bwenini mtu anasogeza kitanda, ingawa jina lenyewe kwa Kifipa linaelezwa kuwa na maana ya kuutupa uchawi. Utani huo unaishia pale mtu anapokuamini.

Kwenye sherehe moja ya kipaimara nilicheza fundo langu, watu wakashangilia. Baadaye mzee mmoja akaniita pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nimeona ulichofanya. Mimi simu yangu imeibiwa pale nyumbani. Jirani namhisi. Wewe niambie tu, ni yeye au si yeye?"

Hakuwa anatania. Ningetikisa kichwa tu, jirani wa watu angekuwa mwizi kuanzia jioni ile. Nikatoa zile skafu, nikamwambia, "Mzee, hapa hamna kitu. Shika hiki, vuta hivi." Akavuta, fundo likateleza mkononi mwake. Akalifunga tena, akavuta tena, akacheka. "Kumbe ni kamba tu!" Ndiyo mzee, ni kamba tu.

Wachezaji wenzangu watasema nimevunja sheria ya kutotoa siri. Sawa. Mimi naona siri ya mchezo ni mali ndogo ukiilinganisha na jina la mtu. Nchi hii ina vikongwe waliouawa kwa kushukiwa tu. Tena tunayo Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, iliyoanza mwaka 1928, ambayo tafsiri yake ya uchawi inagusa hata kujidai kuwa na nguvu hizo. Kwa hiyo kigezo changu cha mwisho cha video ni hiki: ukiondoa maneno ya "nina nguvu", mchezo unabaki na ladha? Mwalimu mzuri anakupa hadithi ya kusimulia, vitambaa viwili vilivyogombana, marafiki waliokopeshana hela, chochote. Mwalimu ambaye bila kujifanya mganga hana la kusema, mwache.

Mimi naanza hivi: "Jamani, hiki ni kiini macho. Sina dawa, sina jini, nina mazoezi." Msidhani inapunguza utamu. Watu wakishajua ni ujanja ndipo wanakodoa macho zaidi, na bado hawauoni. Darasani nauliza wanafunzi kwa nini kanga inagoma na satini inakubali, na hapo somo la msuguano linaanza bila mtu kusinzia.

Ratiba ya wiki moja

Siku ya kwanza angalia video bila kitambaa. Ya pili na ya tatu, ukiwa na vitambaa, simamisha kila hatua. Ya nne zima simu kabisa, fanya kwa kumbukumbu. Ya tano jirekodi kwa simu iliyosimama pale atakapokaa mtazamaji, maana kioo kinakuzoesha kujitazama. Ya sita ongeza maneno, useme kwa sauti, si kimoyomoyo. Ya saba mchezee mwenzako wa chumbani, kisha mweleze kwa nini fundo linafunguka. Ukikwama kueleza, rudi kwenye video. Ikiwa nayo haielezi, ifute upate nafasi ya nyingine.