Haoni Jioni: Ni Upungufu wa Vitamini A au Ugonjwa wa Kurithi?



Yuko mtoto ambaye jua likizama huacha kucheza na wenzake. Akitumwa maji jioni hujikwaa kwenye kamba za mahema, ingawa mchana anaona vizuri. Wakubwa husema ni mvivu, ni mwoga au amerogwa. Huenda mtoto huyo haoni gizani.

Tatizo hili huitwa upofu wa usiku. Lina sababu zaidi ya moja, na tiba ya sababu moja haiponyi nyingine. Leo tujifunze sababu mbili.

Vitamini A hufanya kazi gani machoni?

Nyuma kabisa ndani ya jicho kuna utando mwembamba uitwao retina. Utando huu ndio unaopokea mwanga. Ili kuona mahali penye mwanga hafifu, retina huhitaji vitamini A.

Fikiria koroboi. Vitamini A ni mafuta, retina ni utambi. Mafuta yakipungua, taa hufifia. Ukiyaongeza, huwaka tena. Lakini utambi ukiwa mbovu, hata ukijaza mafuta taa haiwaki vizuri.

1. Mafuta yamepungua: upungufu wa vitamini A

Huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha. Surua na kuhara humaliza akiba ya mwili upesi. Dalili ni kutoona jioni, macho makavu, na mabaka meupe kama povu la sabuni kwenye weupe wa jicho.

Usingoje. Jicho likipata vidonda, mtoto anaweza kupofuka kabisa. Akitibiwa mapema kituoni, mara nyingi huona tena usiku baada ya siku chache.

2. Utambi ni mbovu: ugonjwa wa kurithi wa retina

Ugonjwa wa aina hii unaojulikana zaidi ni retinitisi pigmentosa. Humpata takriban mtu 1 kati ya 4,000. Mara nyingi huanza utotoni au ujanani. Kwanza mtu haoni usiku. Kisha, miaka ikipita, haoni pembeni, kama mtu anayechungulia kupitia bomba. Wengine huwa pia na shida ya kusikia.

Wazazi wanaweza kuwa na macho mazuri kabisa. Katika aina moja ya kurithi, baba na mama kila mmoja hubeba hitilafu bila kujua, na kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa. Si uchawi, si laana, wala si kosa la mama.

Je, matone ya vitamini A yatamponya? Hapana. Mwaka 1993 utafiti wa Marekani ulionyesha kwamba dozi ya kila siku ilipunguza kidogo kasi ya retinitisi pigmentosa. Mwaka 2023 takwimu hizo zilichambuliwa upya, na faida hiyo haikuonekana. Katika ugonjwa mwingine wa kurithi, uitwao Stargardt, vitamini A ya ziada inaweza hata kuongeza madhara kwenye retina.

Kuzidisha ni hatari

Kwenye kampeni, mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa vizio 100,000. Wa mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 hupewa 200,000, kila baada ya miezi 4 hadi 6. Onyesha kadi yake ya kliniki ili asipewe mara mbili. Mjamzito asimeze kamwe vidonge hivyo vya watoto: dozi kubwa inaweza kumlemaza mtoto aliye tumboni.

Ufanye nini?

- Asiyeona jioni, mtoto au mtu mzima, aende kituo cha afya kesho yake. Usinunue vidonge sokoni.
- Mweleze mhudumu kama kuna ndugu mwenye shida hiyo.
- Mtu akitibiwa na usiku bado haoni, arudi na aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa macho.
- Mwenye ugonjwa wa kurithi apewe tochi, asindikizwe chooni usiku, na akae mbele darasani. Asiachishwe shule.
- Familia nzima ile sombe, matembele, maboga, viazi lishe, mapapai, mayai na dagaa. Pika mboga kwa mafuta ya mgao, kwani yameongezwa vitamini A, au kwa mawese mekundu. Chakula hiki hakina hatari ya kuzidisha dozi.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini dawa iliyomponya mtoto wa jirani inaweza isimponye wako?
2. Nani katika kijiji chenu haoni jioni, na nani atamsindikiza kituoni?