Somo la Juma: Chumba cha Mgeni na Mtoto Mgonjwa

Fungu la kusoma: 2 Wafalme 4:8–37



Mama tajiri wa Shunemu alimwona Elisha akipita kwao mara kwa mara, akamwomba mumewe wamjengee chumba. Wakaweka kitanda, meza, kiti na taa. Elisha alipotaka kumlipa fadhili, mama yule hakuomba kitu, maana alikuwa anakaa kati ya watu wake.

Tuliangalie jambo hilo. Ukikaa kati ya watu wako, mtoto akilazwa, shangazi huleta uji, jirani hubaki na wale wadogo, na dada zako hupokezana zamu wodini. Sisi tulio huku Marekani, mtoto akipewa rufaa kwenda mji wa mbali, ndugu hawapo na hoteli ni ghali. Wazazi wengine hulala ndani ya gari.

Chumba kilichokwisha kuandaliwa

Mwaka 1974 nyumba ya kwanza ya Ronald McDonald House ilifunguliwa Philadelphia. Fred Hill, mchezaji wa timu ya Philadelphia Eagles, alikuwa na binti aliyeugua saratani ya damu. Dkt. Audrey Evans, daktari wa saratani za watoto, alikuwa akitafuta nyumba ambapo wazazi wangelala karibu na hospitali. Timu ikachangisha, migahawa ya McDonald's ikatoa fedha kutokana na mauzo ya kinywaji cha maziwa, na nyumba ikapatikana. Leo kuna mamia ya nyumba hizo katika nchi nyingi.

Familia hupata chumba, jiko, mahali pa kufulia, na mara nyingi chakula kilichopikwa na watu wa kujitolea. Malazi ni bure au kwa mchango mdogo. Nayo hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis, haitozi familia matibabu, safari, malazi wala chakula.

Namna ya kuomba

1. Mwambie muuguzi kwamba unataka kuonana na afisa ustawi wa jamii wa hospitali. Kwa kawaida yeye ndiye anayepeleka maombi yako.
2. Omba mara tu unapojua tarehe ya matibabu, kwa sababu vyumba hujaa. Uliza pia masharti ya umri wa mtoto na umbali wa kwenu, maana kila nyumba ina yake.
3. Omba mkalimani. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumleta bila malipo. Tusiwabebeshe watoto wetu wakubwa kazi ya kutafsiri habari nzito za ndugu yao.

Tusifiche

Mtoto wa yule mama alishikwa na kichwa, akafia magotini pa mama yake. Mama akakimbilia mlima Karmeli. Gehazi alipomuuliza hali yake, ya mumewe na ya mtoto, alijibu kuwa wote hawajambo. Alipofika kwa Elisha ndipo alipoishika miguu yake na kumwaga uchungu wake, naye Elisha akaondoka pamoja naye.

Sisi nasi tumezoea kujibu hatujambo mlangoni pa kanisa, huku mtoto yuko wodini wiki ya tatu. Tunaona aibu kuonekana omba omba. Lakini mama huyu aliyewahi kuandaa chumba kwa ajili ya mgeni hakuona aibu kushika miguu ya mtu zamu yake ilipofika. Kupokea si kudharauliwa. Anayelala leo katika chumba kilichoandaliwa na wengine, kesho atapika chakula cha jioni kwa ajili ya familia nyingine.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Ni nani kanisani tungemwambia ukweli kama mtoto wetu angeugua sana?
2. Je, kuna familia kwetu ambayo hatujaiona kwa majuma kadhaa? Nani atapiga simu leo?
3. Tunaweza kupeleka nini: chakula, usafiri, au kukaa na watoto waliobaki nyumbani?

Tuombe: Bwana, utupe ujasiri wa kusema tunapoumia, na mikono ya kuandaa chumba. Amina.