MZEE ASIACHE DAWA ZAKE
Kijitabu cha familia kuhusu virutubisho vya uzeeni

Kwa nini tumekiandika
Wazee wanaletwa kwetu hospitalini mdomo umepinda, mkono hauinuki, maneno hayatoki. Tukiwauliza ndugu, mara nyingi jibu ni lile lile: "Alikuwa na dawa za presha. Akauziwa virutubisho, akaambiwa vitamponya, akaziacha." Tumechoka kupokea wagonjwa wa kiharusi ambao dawa zao zimo kabatini.

Neno kuu
Mzee asiache dawa ya presha wala ya kisukari kwa ajili ya virutubisho.

Virutubisho ni nini
Ni vidonge, unga au chai za kuongeza lishe. Wauzaji husema vinasafisha mwili, vinarudisha ujana na kurefusha maisha. Hakuna hata kimoja kilichothibitika kuzuia uzee. Hakuna kinachochukua nafasi ya dawa ya presha au insulini.

"Lakini anajisikia vizuri"
Kujisikia vizuri si kipimo. Mtu mwenye presha ya 180 kwa 110 anaweza kulima kutwa bila kuumwa popote. Akinywa virutubisho na kuona ana nguvu, hudhani amepona. Hajapona. Apimwe, na dawa asiache. Anayechoma insulini akiiacha, anaweza kufa ndani ya siku chache.

Msichanganye bila kuuliza
- Anayetumia losartan, enalapril au captopril, au mwenye ugonjwa wa figo: ajihadhari na vidonge vya potasiamu na chumvi mbadala yenye potasiamu. Potasiamu ikizidi, moyo unaweza kusimama.
- Anayetumia warfarin: asiguse ginkgo wala vidonge vya kitunguu saumu. Anaweza kuvuja damu.
- Anayetumia dawa ya tezi ya shingo: vidonge vya kalsiamu na vya chuma huizuia kufanya kazi. Aachanishe kwa saa 4.
- Mvutaji sigara: asinywe vidonge vya beta-karotini. Utafiti wa Finland uliotangazwa mwaka 1994 ulikuta saratani ya mapafu imeongezeka kwa wavutaji waliovitumia.
- Vitamini A ikizidi huharibu ini.
- "Dawa ya asili" inayoondoa maumivu ya viungo kwa siku moja: itilieni shaka. Katika baadhi ya dawa za aina hiyo wakaguzi wamekuta steroidi zilizofichwa, nazo hupandisha presha na sukari.
- Vidonge vya chuma viwekwe mbali na watoto. Mtoto akivimeza vingi anaweza kufa.

Wanaohitaji kweli
Wapo. Aliyetumia metformin miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, akapata ganzi miguuni. Amweleze daktari, apimwe, kisha aandikiwe.

Muuzaji akija
Akisema "acha dawa za hospitali", mazungumzo yaishie hapo.
Msimgombeze mzee aliyenunua. Akiogopa maneno yenu ataficha kopo, nanyi hamtajua anameza nini.

Kinachosaidia uzeeni
Mboga za majani, maharage, samaki na matunda. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja. Atembee nusu saa, siku 5 kwa wiki, kwa kadiri ya uwezo wake. Aache sigara. Na dawa asiache.

Dalili za kiharusi
Mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kukorogeka. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama dalili zimepotea. Msimlishe, msimnyweshe, msikae kumchua mkisubiri kupambazuke.

Kazi ya leo
Kusanyeni dawa zote za mzee na virutubisho vyote anavyotumia, mvitie katika mfuko mmoja. Chukueni na kadi yake ya kliniki. Mpelekeni navyo kliniki, mhudumu aone kila kitu. Zikibaki dawa za wiki moja, fuateni nyingine, msingoje ziishe.

Mpaka daktari mwenyewe abadilishe: mzee asiache dawa zake, hata siku moja.